Askari, mpelelezi wa kujitegemea au jirani: nani aongoze hadithi yako ya upelelezi?

Nimelelewa kambini. Kiswahili nilikijifunza katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, kwa sababu mtoto wa Mwacholi, wa Mganda, wa Mteso na wa Mlugbara wanapogombania mpira mmoja hawana lugha nyingine ya kuelewana. Baba alikuwa askari wa upelelezi na mimi nilikuwa msomaji wa hadithi za upelelezi, hivyo mezani kwetu kulikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: kwa nini katika vitabu askari ndiye huwa wa mwisho kuelewa?

Siku hizi vijana wanaoandika kwa Kiswahili hapa Uganda huniletea swali lililozaliwa na ubishi ule ule. Wana maiti, wana mtaa, wana muuaji, lakini wamekwama: nani achunguze? Askari wa CID, mpelelezi wa kujitegemea mwenye akili za ajabu, au mtu wa kawaida wa mtaani? Wengine si waandishi. Ni walimu wa klabu za kusoma, au wasomaji wanaotaka kujua waanze na hadithi za aina gani. Ukimchagua mchunguzi umechagua namna ya kufikiri, na hadithi nzima itamfuata. Kesi moja ukiwapa watu hawa watatu utapata vitabu vitatu visivyofanana.

Vigezo

Wote nawapima kwa maswali manne. Fikra zake zinaanzia wapi? Habari anazipata kwa njia gani? Ni kitu gani kinachomfunga mikono? Na akikosea, hukosea namna gani? Hili la nne ndilo ninalolipa uzito zaidi, kwa sababu hadithi ya upelelezi inaishi kwa makosa. Pasipokuwa na mtu wa kukosea katikati, kitabu kinakwisha ukurasa wa kumi.

Historia kidogo itasaidia. Jeshi la polisi la London lilianzishwa 1829, lakini kitengo chake cha upelelezi, watu wanane tu, kilikuja 1842. Mwaka mmoja kabla, 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa ameshamtoa Dupin, bwana wa Paris anayependa kukaa gizani na kufikiri, na kuwatangulia polisi kwenye jibu. Paris yenyewe ilikuwa na wapelelezi wa serikali tangu enzi za Vidocq, mkuu wao wa kwanza, na Dupin anamtaja Vidocq kwa jina: anasema alikuwa mkisiaji mzuri na mvumilivu, ila alijiharibia macho kwa kuweka kitu karibu mno nayo. Lawama hiyo ya "karibu mno" imewafuata askari wa hadithi mpaka leo. Tuone kama wanastahili.

Askari mwenye faili

Fikra zake zinaanzia wapi. Zinaanzia kwenye ripoti. Tukio linaandikwa kwenye kitabu cha SD, yaani daftari la matukio ya kila siku kituoni, linapata namba, likithibitika kuwa jinai linapewa namba ya CRB, daftari la makosa ya jinai, na faili linafunguliwa. Maswali ya kwanza ni ya kawaida: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani alikuwa na ugomvi naye, nani anafaidika. Askari anafikiri kwa wingi wa mambo aliyoyaona. Ameona wizi mia wa aina moja, na anatarajia wa mia na moja ufanane nao. Baba alikuwa na msemo wake: mlango ukivunjwa, uliza kwanza nani alikuwa na ufunguo, maana huyo ndiye mwenye sababu ya kutaka mlango uonekane umevunjwa. Hiyo ni akili kamili, na vitabu vingi vya upelelezi vinainyima heshima yake.

Lakini Poe aliiona hatari yake mapema. Katika hadithi yake ya 1844 kuhusu barua iliyoibwa, mkuu wa polisi wa Paris anapekua nyumba ya waziri usiku baada ya usiku kwa muda wa miezi mitatu. Wanachoma mito kwa sindano ndefu, wanafungua meza vichwa, wanatazama maungio ya viti kwa kioo cha kukuzia, wanapekua hata nyumba mbili za jirani. Barua haipatikani, kwa sababu ipo mbele ya macho yao, ndani ya kibweta cha kadi kinachoning'inia chini ya rafu ya meko, imegeuzwa, imechafuliwa, imetiwa muhuri mwingine. Ukiisoma vizuri utaona Dupin hamlaumu mkuu huyo kwa uvivu. Anamlaumu kwa kudhani kwamba kila mtu huficha kitu pale ambapo yeye mwenyewe angekificha. Dupin anatoa mfano wa mtoto wa miaka minane aliyekuwa akiwashinda wenzake wote mchezo wa kukisia gololi zilizofumbatwa, kama ni shufwa au witiri. Siri yake ilikuwa kupima kwanza akili ya aliyesimama mbele yake. Kambini Nsambya nilimjua mtoto wa namna hiyo, na gololi zangu nyingi zilihamia mfukoni mwake.

Habari anazipata kwa njia gani. Hapa ndipo mwandishi wa Uganda ana utajiri ambao sijauona ukitumika ipasavyo. Askari wetu anategemea mbwa wa kunusa, kumbukumbu za simu na kamera za barabarani, lakini nguzo ya faili ni maelezo ya mashahidi. Na maelezo hayo mara nyingi shahidi huyatoa kwa lugha moja na askari huyaandika kwa Kiingereza.

Tazama kinachotokea. Mama mmoja anasema kwa Kiganda: "Yajja ekiro n'akonkona ku luggi." Kwa Kiswahili ni "Alikuja usiku akagonga mlango." Kiganda hakisemi kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakisemi. Kiacholi nacho hakisemi. Kiingereza kinamlazimisha mwandikaji achague, na askari aliyechoka, saa nne za usiku, akiwa na watu sita kwenye benchi wanaomngoja, ataandika neno la mwanamume bila hata kujua kwamba amechagua. Kuanzia mstari huo kituo kizima kinamtafuta mwanamume. Hakuna aliyesema uongo. Shahidi atasomewa maelezo yake, atakubali kuwa ndivyo alivyosema, atatia dole gumba. Miezi miwili baadaye mtuhumiwa yuko rumande, na mwanamke aliyegonga ule mlango anauza nyanya sokoni.

Baba ndiye aliyenionyesha jambo hili nikiwa kidato cha pili. Alichukua daftari langu la hesabu, akaandika sentensi moja kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza, akaniuliza: "Nani ameongezeka hapa katikati?" Nilitazama muda mrefu sana. Kisha akapigia mstari lile neno fupi la Kiingereza, akanirudishia daftari.

Ni kitu gani kinachomfunga. Mengi, na yote ni ya kweli, mwandishi huhitaji kuyabuni. Katiba ya 1995, kifungu cha 23, inamtaka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Sheria ya Ushahidi inasema ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halipokelewi isipokuwa limetolewa mbele ya ofisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, au mbele ya hakimu. Kwa hiyo konstebo wa upelelezi aliyemsikia muuaji akikiri ndani ya gari njiani hana kitu mkononi, ana hadithi tu ya kuwasimulia wenzake. Waza uzito wa tukio hilo kwenye riwaya: anajua, na anachokijua hakiwezi kuingia kwenye faili. Ongeza wakubwa wanaotaka jibu kabla ya mkutano wa waandishi wa habari, ongeza uhamisho unaokuja kesi ikiwa katikati, nawe una kitabu.

Hukosea namna gani. Husimama mapema. Niliona hilo kwa macho yangu likizo moja, kijijini kwa bibi. Mbuzi watatu walikuwa wameibwa, mbwa wa polisi akaletwa. Kijiji chote kilisimama kando ya njia, watoto wamepandishwa mabegani. Mbwa alizunguka zizi, akashika kamba iliyokatwa, akapita katikati ya migomba bila kuinua kichwa, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa kijana mmoja na kukaa chini. Watu walipiga kelele kama goli limeingia. Kijana alichukuliwa. Zilipita siku tisa ndipo ikajulikana kwamba jioni ya kuamkia wizi bibi mwenyewe alikuwa amemwomba aje aifunge upya ile kamba, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inauma. Nilimsimulia Baba. Alinyamaza, kisha akasema mbwa hakukosea hata hatua moja: aliulizwa nani ameshika kamba, akajibu. Waliopaswa kuuliza swali la pili ndio walioridhika.

Anamfaa nani. Askari anamfaa mwandishi anayependa mifumo, watu wengi wanaofanya kazi moja, na mapambano ya mtu mwema ndani ya ofisi iliyochoka. Anamfaa pia aliye na ndugu au rafiki kazini anayeweza kumuuliza mambo madogo madogo. Kwa msomaji anayedhani askari wa vitabu lazima awe bwege, Mbelgiji Georges Simenon ni dawa: Maigret wake, ambaye vitabu vyake vilianza kutoka 1931, ni kamishna wa polisi anayekaa baani, anakunywa wanachokunywa wenyeji, mpaka aelewe maisha ya marehemu yalikuwa na harufu gani. Huyo hayuko karibu mno wala mbali mno. Na mapema zaidi, mwaka 1868, Wilkie Collins alikuwa ameandika juu ya Sajini Cuff, ambaye afisa mwenzake alipopuuza doa dogo la rangi lililopanguswa mlangoni, yeye alilifanya kuwa moyo wa uchunguzi. Collins hakuishia hapo. Alimfanya Cuff huyo huyo, baada ya kuona vizuri hivyo, amshuku mtu asiyehusika. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kumtendea askari haki: kumpa akili, kisha kumwacha akosee kama mtu mwenye akili.

Mpelelezi wa kujitegemea

Fikra zake zinaanzia wapi. Kwenye kitu kisichokaa sawa. Wakati askari anauliza nani angeweza kufanya hili, mpelelezi anauliza kwa nini jambo hili dogo liko hivi. Kila mtu anakumbuka mbwa wa Arthur Conan Doyle katika hadithi ya farasi aliyepotea, ya 1892. Inspekta Gregory ni mtu makini, amekusanya kila kitu, ameshamkamata mtu aliyeonekana karibu na banda jioni ile. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Doyle, anamwelekeza kwenye kisa cha mbwa usiku ule. Inspekta anasema mbwa hakufanya lolote. Hilo ndilo la ajabu: farasi anatolewa bandani na mbwa habweki, basi aliyemtoa ni mtu ambaye mbwa amemzoea.

Mweke mbwa huyu kando ya yule wa kijijini kwa bibi, utaona tofauti ya fikra mbili bila kuhitaji nadharia. Mbwa wa polisi aliulizwa jambo alilolifanya. Mbwa wa Holmes aliulizwa jambo ambalo hakulifanya. Kwenye faili hakuna mahali pa kuandika kisichotokea. Hakuna shahidi atakayekuja kituoni kutoa maelezo kwamba hakusikia kitu, na akija atarudishwa nyumbani.

Habari anazipata kwa njia gani. Kwa kuweka pamoja vipande ambavyo wengine wamevisoma kimoja kimoja. Katika hadithi ya kwanza ya Poe, mashahidi wa mataifa mbalimbali walisikia sauti kali kutoka chumba cha juu. Mfaransa mmoja alidhani ni Mhispania, Mholanzi alidhani ni Mfaransa, Mwingereza alidhani ni Mjerumani, Mhispania alidhani ni Mwingereza, Mwitaliano alidhani ni Mrusi. Polisi waliona mashahidi wanaopingana. Dupin aliona wanakubaliana: kila mmoja amesikia lugha asiyoijua, na hakuna hata mmoja aliyetambua neno lolote.

Nikiisoma sura hiyo naiona ikihamia Kampala yenyewe bila kusukumwa. Sauti inasikika usiku kwenye nyumba ya kupanga Kisenyi. Mganda anaapa kwamba alikuwa Mwacholi akipiga kelele. Mwacholi anasema hapana, ni Mlugbara. Mgisu anasema ni Msomali. Kila mmoja amemtaja mtu ambaye hajui lugha yake, na pengine ambaye hakumpenda tangu zamani. Mwandishi wetu anayechukua njia hii anabeba mzigo ambao Poe hakuubeba, kwa sababu mashahidi hawa wanaweza kumponza mtu wa kabila fulani aliyelala nyumbani kwake. Mpelelezi akiwaweka mezani pamoja na kuonyesha kwamba hakuna aliyesikia neno, hadithi itakuwa imefanya kazi kubwa zaidi ya kumkamata mtu mmoja.

Ni kitu gani kinachomfunga. Karibu hakuna, na ndiyo raha yake na ndiyo kasoro yake. Hana saa 48, hana cheo, halipwi na serikali. Fasihi ya Kiswahili inamjua mtu huyu vizuri: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla kutoka Unguja, mwenye kiko chake, rafiki yake Najum akiwa kando yake na Inspekta Seif akiwa upande wa serikali, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa kule Dar es Salaam, ambaye Inspekta Kombora anamhitaji na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Hao wanasomeka vizuri sana Kampala. Ila ukimleta mtu wao hapa, utaulizwa amepata vipi kazi. Mtu wa kawaida wa Bwaise akiibiwa haendi kwa mpelelezi wa kulipwa. Anaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha kituoni. Lazima umpe msomaji sababu: familia yenye fedha isiyotaka jina lake kwenye magazeti, kampuni ya bima, mtu wa ughaibuni aliyetuma hela za kujenga nyumba asiyoiona.

Hukosea namna gani. Katika vitabu vingi hakosei, kwa kuwa mwandishi amepanga kila kitu kimfuate, na hapa nasimama upande wa Baba. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kipimo ambacho majaji wa Uganda wanakinukuu mpaka leo kuhusu ushahidi wa mazingira: mambo yanayomwelekea mshtakiwa lazima yasiweze kabisa kupatana na kutokuwa na hatia kwake, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyetenda. Soma kipimo hicho polepole. Kinadai kile kile ambacho wapelelezi wa vitabu hujisifia, yaani kufunga kila mlango mwingine mpaka ubaki mmoja.

Sasa mpime Holmes kwacho. Mwaka 1887, katika kitabu chake cha kwanza, anamtazama Watson, atakayekuwa rafiki yake, na kujua kwamba ametoka Afghanistan: ni daktari, ana mwenendo wa kijeshi, uso umebabuka kwa jua na vifundo vya mikono chini ya mikono ya koti ni vyeupe, amekonda kwa ugonjwa, mkono wa kushoto umekakamaa. Inapendeza, na nilipokuwa mtoto nilifunga kitabu nikakaa nikiitazama mikono yangu. Lakini Waingereza walikuwa wamepigana na Wazulu 1879, na jua la Natal nalo linababua. Mlango ule haukufungwa. Wakili yeyote wa hapa Kampala angeuingia na kutoka na mteja wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba polisi hukusanya na mpelelezi hufikiri. Mpelelezi anatakiwa kumridhisha rafiki anayemshangaa. Askari anatakiwa kumridhisha jaji ambaye kazi yake ni kutoshangaa. Ukimwandika mpelelezi wa kujitegemea, mpe angalau mara moja jibu zuri kabisa ambalo si kweli, na mtu alipe kwa ajili ya jibu hilo.

Anamfaa nani. Mwandishi anayependa fumbo lenyewe, mwenye subira ya kupanga dalili kumi na kuzificha machoni pa msomaji. Anafaa hadithi fupi kuliko riwaya ndefu. Na klabu ya kusoma yenye vijana wa sekondari ianze hapa, kwa sababu unaweza kusimama katikati ya hadithi na kuwauliza: ninyi mngesemaje?

Jirani

Fikra zake zinaanzia wapi. Kwa watu anaowajua. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyepata riwaya yake ya kwanza 1930, anatatua mauaji kwa kukumbuka kwamba mtu huyu anafanana na fulani wa kijijini kwao aliyefanya hivi na hivi. Padri Brown wa G. K. Chesterton, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka 1911, amesikia maungamo mengi kiasi kwamba hakuna uovu unaomshangaza, na anamfikia mwuaji kwa kujiweka ndani ya moyo wake. Hapa kwetu mtu huyo ni mwenyekiti wa LC1, ni mama anayekaanga cassava kwenye kona, ni bodaboda wa stendi ile ile kwa miaka kumi.

Habari anazipata kwa njia gani. Zinamfuata alipo. Na yeye ndiye aliyesikia maneno kwa lugha yake kabla hayajaandikwa. Kituoni mtu akisema "muganda wange", inaandikwa kwamba ni kaka yake, na askari wanatafuta mtoto wa mama yule yule. Jirani anajua kwamba Mganda humwita hivyo hata mtoto wa baba yake mdogo, na anajua huyo yuko wapi, kwa kuwa alikopa hela ya kodi kwake mwezi wa tatu.

Ni kitu gani kinachomfunga. Kesho. Askari atahamishwa, mpelelezi atalipwa aondoke, jirani ataamka asubuhi akichota maji bomba moja na mama wa mtu aliyemtaja. Sijasoma hadithi nyingi zinazokaa na uzito huo, na natamani zingeandikwa.

Hukosea namna gani. Kwa uvumi, na kosa lake ndilo la haraka kuliko yote. Askari akikosea, mtu anakaa selo. Mtaa ukikosea, inatosha sauti moja ipige "Mwizi!" na mtu asiye na hatia anaweza kuwa maiti kabla faili halijafunguliwa. Ninyi mnaoandika kuhusu Kampala mnajua ninachokisema. Jirani anayefikiri vizuri kwenye hadithi yako anafikiri huku akijua hilo, na pengine ushujaa wake mkubwa ni kunyamaza siku mbili na kile anachokishuku.

Anamfaa nani. Anayeandika kitabu chake cha kwanza na hajawahi kuingia kituo cha polisi isipokuwa kuripoti simu iliyopotea. Anamfaa pia mwenye sikio la lugha.

Kwa hali yako

Kama una hasira na jinsi kesi zinavyocheleweshwa, chukua askari. Hasira hiyo ukiiweka mdomoni mwa mpelelezi wa nje itakuwa hotuba. Ukiiweka ndani ya mtu mwenye faili hamsini mezani itakuwa maisha yake.

Kama umepata fumbo zuri kabla hujapata watu, chukua mpelelezi wa kujitegemea na uandike fupi. Mwekee askari pembeni aliye na akili, anayeuliza maswali ambayo msomaji angeuliza. Kumfanya afande awe mjinga ili shujaa wako ang'are kutawaudhi wasomaji wengi, kwa maana wengi wa wanaosoma Kiswahili kwa raha nchini hapa wana mtu wao jeshini au polisi.

Kama kisa chako ni cha nyumba za kupanga, mgogoro wa kiwanja, mirathi au wivu wa ndoa, jirani atafika mahali ambapo wenzake hawafiki.

Kama unataka wawili pamoja, mpe askari na jirani. Mwandishi wa maelezo na aliyesikia maneno yenyewe wakikaa benchi moja, yale ya daftari langu la hesabu yatatokea bila wewe kuyalazimisha.

Na kama bado umekwama, andika sentensi hii juu ya ukurasa: "Alikuja usiku, akagonga mara tatu, akaondoka." Mpe kila mmoja wa hao watatu nusu ukurasa aifanyie kazi. Askari atauliza saa ngapi. Mpelelezi atauliza kwa nini mara tatu. Jirani atauliza aligonga mlango wa mbele au wa jikoni, kwa sababu anajua nani huingia wapi. Yule ambaye nusu ukurasa haikumtosha, endelea naye.